Umeme wa Mto Mmoja

Wanafunzi wenzangu, umeme wa maji hauna moshi, lakini je, unatosha peke yake? Hapa Uganda bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 2006 maji ya Ziwa Victoria yalipungua mno. Umeme ukawa wa mgawo, na mitambo ya dizeli ikakodiwa kwa gharama kubwa. Baadaye yalijengwa mabwawa ya Bujagali, Isimba na Karuma, lakini yote yako juu ya Mto Nile ule ule. Kwa hiyo naona tuongeze mitambo ya jua, kama ule wa Soroti wa mwaka 2016. Mchana jua lifanye kazi, na maji yangojee usiku. Akiba haiozi.