Maji Yanaingia Ndani ya Gari? Tafuta Yanapopitia Kabla Hujanunua Silikoni

Somo la leo ni la sisi tunaobeba mzigo wa wateja kwenye gari, iwe Noah, Probox au kigari chochote ulichonacho. Tunaongelea maji yanayoingia ndani: unajuaje yanapitia wapi, na unayazuiaje.

Mimi nina duka la nguo na viatu hapa Ngombezi. Oda nyingi zinaingia kwa simu, mzigo naupeleka Korogwe mjini kwenye mabasi, siku nyingine nafika mpaka Handeni. Huku kwetu masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Kwa hiyo karibu nusu ya mwaka gari inanyeshewa na ndani yake kuna mali ya mtu.

Piga hesabu ndogo. Una boksi la viatu pea 10, kila pea umenunua 12,000, faida yako 3,000. Pea 2 zikiloa na gundi ikaachia, umepoteza 24,000. Pea 8 zilizobaki ukiziuza zote, faida yake ni hiyo hiyo 24,000. Yaani boksi zima umelifanyia kazi ya bure. Na mteja aliyepokea kiatu kinachonuka uvundo, huyo humpati tena.

Wengi tukiona maji tunakimbilia silikoni na kupaka pale palipolowa. Shida ni kwamba maji yanatembea. Yanaweza kuingilia kwenye paa, yakafuata bati kwa ndani, yakaja kutokea chini ya siti. Palipolowa na panapoingilia mara nyingi ni sehemu mbili tofauti. Ndiyo maana tunafuata hatua.

Hatua ya 1: Jua ni maji gani

Kandamiza tishu nyeupe kwenye kapeti, kisha angalia na unuse.

• Maji masafi, yanaonekana baada ya mvua au baada ya kuosha gari: hayo yanatoka nje. Endelea na hatua ya 2.

• Maji masafi, upande wa abiria mbele, yapo hata wakati wa jua kali ukiwa umewasha AC: kimpira cha kutolea maji ya AC kimeziba. Siku ya joto AC ikifanya kazi, maji yanatakiwa kudondoka chini ya gari. Yasipodondoka nje na kapeti linaloa, umeshapata jibu. Kimpira kikizibuliwa, kazi imeisha.

• Maji yana rangi, yanateleza kama mafuta, yana harufu tamu, na kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafuta mafuta: hayo ni maji ya kupozea injini, yanavuja kwenye hita nyuma ya dashibodi. Kama huwa unajaza maji ya bomba kwenye rejeta, rangi haitakusaidia, angalia kama maji yanapungua. Subiri injini ipoe ndipo ufungue. Hii usiichelewesha, injini ikichemka hasara yake ni kubwa kuliko kapeti. Mpelekee fundi.

Hatua ya 2: Fungua na ukaushe kwanza

Chini ya kapeti kuna sponji. Juu unagusa pakavu, chini sponji imejaa maji. Toa mati, inua kapeti pembeni, fungua shimo la taili la spea uangalie. Nyaya zenye soketi za njano chini ya siti ni za eabegi, usizichomoe mwenyewe. Kama siti lazima itoke, mwachie fundi.

Pakikauka, paka poda ya mtoto au unga wa chaki sehemu unazozihisi. Maji yakipita yataacha mstari, na mstari ndio utakuonyesha njia.

Hatua ya 3: Mwagia maji kutoka chini kwenda juu

Mnatakiwa watu wawili. Mmoja yuko nje na maji, mwingine yuko ndani na tochi ya simu. Huna mpira wa maji? Chukua chupa ya lita 1.5 na utoboe matundu kwenye kifuniko. Mashine ya presha ya kuoshea magari iache, inasukuma maji hata sehemu ambazo mvua haifiki.

Anza na chini ya mlango, kaa hapo dakika 3 mpaka 5. Kisha panda kwenye kioo cha mlango, taa za nyuma, mlango wa buti, chini ya waipa, kioo cha mbele, na paa liwe la mwisho. Ukianza na paa, maji yanashuka kila mahali na hutajua lipi ni tundu.

Mfano ni gari yangu. Maji yalikuwa yanajaa kwenye shimo la spea. Aliyeliangalia mwanzo alisema raba ya mlango wa nyuma imekwisha, ninunue nyingine. Tukaimwagia ile raba dakika tano nzima, ndani pakavu. Tukahamia taa ya nyuma ya kulia, mstari ukatokea kwenye poda hapo hapo. Raba nyembamba iliyoko nyuma ya taa ilikuwa imekakamaa. Ningebadilisha raba ya mlango, hela ingekwenda na maji yangebaki.

Raba za milango una njia nyingine ya kuzipima: fungia kipande cha karatasi mlangoni, kisha kivute. Kikitoka bila kukazana, raba hapo haibani.

Hatua ya 4: Rekebisha kulingana na ulichokuta

• Chini ya waipa: gari ikilala chini ya mwembe au mwarobaini, majani yanajaa na kuziba njia za maji. Zoa kwa mkono, pitisha waya laini. Upepo wa kompresa uache, unaweza kuchomoa mpira kwa ndani.

• Mlango: maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, yanatakiwa yatokee kwenye vitundu vya chini. Vizibue. Pia nyuma ya kava la mlango kuna karatasi ya plastiki. Aliyefunga spika au kutengeneza kioo akiichana, maji yanakuja kwenye kapeti. Ibandike upya kwa gundi isiyokauka ikawa ngumu.

• Keria: kama paa lilitobolewa ili kufunga keria, toa bolti zote, kwangua kutu, rudishia na washa za raba na gundi ya kuzuia maji.

• Kioo cha mbele kilichowahi kubadilishwa: kinatakiwa kutolewa na kubandikwa tena kwa gundi maalumu ya vioo vya gari. Silikoni yenye harufu ya siki usiipake hapo, inaharakisha kutu kwenye bati.

Hatua ya 5: Rudia kumwagia maji

Usiamini macho. Ukishatengeneza, mwagia tena sehemu ile ile kwa muda ule ule. Pakibaki pakavu, anika gari juani milango ikiwa wazi, na sponji ikauke kabisa ndipo urudishie kapeti. Sponji ikibaki na maji inaleta uvundo, kutu kwenye sakafu na matatizo ya nyaya zinazopita chini.

Wakati bado hujatengeneza, mzigo usikae sakafuni. Weka kreti chini, nguo na viatu viwe kwenye ndoo au madebe ya plastiki yenye mfuniko.

Na kama unajipanga kununua gari iliyotumika, inua kapeti, angalia shimo la spea, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho uone kama una ukungu au alama ya tope. Gari iliyopuliziwa marashi mengi, jiulize yanaficha harufu gani.

Hifadhi somo hili. Mwishoni mwa Februari tenga nusu siku, chupa yako ya maji na mtu mmoja wa kukusaidia. Masika yakifika, mzigo wa mteja utafika ukiwa mkavu.