AFYA YAKO: VIJIDUDU VYA UDONGO WA MSITUNI

Ukijaza kiganja udongo wa msituni, umeshika vijidudu vingi kuliko watu wote duniani. Huvioni kwa macho. Kazi yao ni kuozesha majani yawe mbolea.

Misitu ya asili, kama ile ya Usambara, ina miti ya aina nyingi. Majani laini huoza upesi, magumu huoza polepole. Hivyo vijidudu vya kila namna hupata chakula. Penye misindano mitupu, majani huchelewa kuoza na udongo huwa mchachu. Humo ukungu hushamiri, bakteria wengi hupungua. Moto na ukame huua vijidudu vingi.

Je, hili lahusu afya? Ndiyo. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutokana na kijidudu cha udongo. Lakini udongo una pia vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaoua.

Kumbuka:
1. Tusichome misitu.
2. Tukipanda miti, tuchanganye aina.
3. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe kwenye kidonda au kitovu cha mtoto.
4. Ukijikata shambani, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulize chanjo ya pepopunda.