SOMO LA MWEZI HUU: TUSEME ARDHI INATIKISIKA SASA

Wapendwa, kwanza someni Mwanzo sura ya 41. Yusufu hakuizuia njaa. Alieleza jinsi itakavyokuwa, na ghala zikajazwa wakati wa shibe. Nasi na tufanye hivyo kwa tetemeko la ardhi.

Je, jambo hili latuhusu watu wa Kamsamba? Naam. Bonde la Rukwa ni sehemu ya Bonde la Ufa, ambapo ardhi hutanuka polepole, kisha miamba hukatika ghafula. Tarehe 13 Desemba 1910, tetemeko la kipimo cha 7.4 hivi lilitokea katika eneo la Rukwa, moja ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko dogo kuliko hilo, la 5.9, liliua watu na kuharibu maelfu ya nyumba mkoani Kagera. Lilikuja Jumamosi alasiri. Je, lingekuja usiku, watu wakiwa wamelala?

Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku. Lakini sisi twaweza kuchagua saa na kujiuliza.

1. Tuseme ni saa nane za usiku. Kitanda cha watoto kiko chini ya ukuta gani? Una ufa? Juu yake pamewekwa nini kizito?

2. Tuseme ni Jumapili, kanisa limejaa. Wote wakikimbilia mlango mmoja, wazee na watoto watakanyagwa. Aliye karibu na mlango atoke upesi, akae mbali na kuta. Aliye ndani ainame, afunike kichwa, ajikinge chini ya kitu imara hadi mtikisiko ukome.

3. Tuseme mtikisiko umekoma. Asirudi mtu ndani kuchukua vitu, maana mingine hufuata. Tukutane wapi? Nani atamwita bibi asiyeweza kutembea?

Ajengaye nyumba mpya amwombe fundi mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke kuta zote juu ya milango na madirisha. Mkanda huo hushika kuta zisiachane.

Kazi ya juma hili: kila nyumba ijibu swali la kwanza kwa mikono, si kwa maneno. Sogezeni kitanda. Teremsheni kilicho kizito. Jumapili ijayo, baada ya ibada, tujaribu pamoja kutoka kanisani bila kusukumana.