Mama Aliyekuwa Askari

Deborah Sampson alizaliwa Massachusetts, katika Marekani, mwaka 1760. Kwao walikuwa maskini, naye akakua akitumika katika nyumba za watu. Mwaka 1782, Wamarekani walipokuwa wakipigana na Waingereza, alivaa mavazi ya kiume, akajiita Robert Shurtliff, akaandikwa askari.

Vitani alipigwa risasi pajani. Akamficha mganga jeraha lile, asije akajulikana. Na yasemekana aliitoa risasi kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye akashikwa na homa kali, na mganga aliyemwuguza akaitambua siri yake, lakini hakumwaibisha. Mwaka 1783 akaachiliwa jeshini kwa heshima.

Akaolewa na mkulima, Benjamin Gannett, wakapata watoto watatu, wakalea na mtoto wa watu. Shamba halikuwa na rutuba, na jeraha likazidi kumwuma. Paul Revere, mfua fedha mashuhuri, akamwombea kwa barua, na mwaka 1805 serikali ikaanza kumlipa dola 4 kila mwezi. Hazikutosha: mwaka uliofuata alimwomba Revere huyo huyo amkopeshe dola 10.

Alifariki mwaka 1827. Mumewe akaomba malipo ya wajane wa askari, ombi geni kwa mwanamume, naye akafa kabla ya kujibiwa. Mwaka 1838 watoto wao wakalipwa.