Maumivu ya Mgongo: Tujue Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Ni wachache wanaofika uzeeni bila kuwahi kuumwa mgongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno. Penye maumivu mengi kiasi hicho hapakosi biashara: vidonge, dawa za kuchua, mikanda, magodoro, na chupa zisizo na lebo. Katika somo hili tunaeleza asili ya maumivu hayo, ili mtumiaji ajue lipi la kununua na lipi la kuacha.

Maumivu hutoka wapi?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangana: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, chini yake ukiwapo mfupa unaoungana na nyonga. Kati ya pingili na pingili mna kisahani laini kinachopunguza mshindo, na misuli na kano huzishikilia zisiyumbe. Pingili za kiuno ndizo zinazobeba uzito mkubwa zaidi. Ndiyo maana maumivu mengi huanzia hapo.

Wengi wetu tukiumwa kiuno hudhani ni figo au ngiri. Yapo maradhi ya figo yanayouma mgongoni, lakini mara nyingi chanzo ni misuli, kano au visahani vilivyoelemewa. Tuchukue mfano wa ndoo ya maji ya lita 20, yenye uzito wa kilo 20 hivi. Anayeinama kwa kiuno na kuinyanyua ikiwa mbali na mwili, misuli yake ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito huo mara kadhaa. Akichuchumaa na kuisogeza karibu na mwili, nguvu hiyo hupungua.

Mzigo nao una kiasi. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1967 yalitaka mzigo unaobebwa na mfanyakazi mmoja mwanamume usizidi kilo 55. Gunia la lumbesa huvuka kilo 100. Lumbesa, basi, humpunja mkulima na papo hapo humuumiza mchukuzi.

Hata asiyebeba mizigo hayuko salama. Dereva, fundi cherehani na karani wanaokaa kitako kutwa nzima huudhoofisha mgongo kwa kutoujongeza.

Jinsi ya kujikinga

1. Chuchumaa unaponyanyua mzigo, uukumbatie karibu na mwili, na ugeuke kwa miguu, si kwa kiuno.
2. Gawa mzigo. Ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, ni nafuu kuliko moja ya lita 20.
3. Ukiwa na kazi ya kukaa, simama na utembee kidogo kila baada ya nusu saa.
4. Tembea au fanya mazoezi mara kwa mara. Misuli imara ndiyo mkanda bora wa kiuno.

Kabla ya kulipa

Maumivu mengi ya ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na kulala kitandani siku nyingi huyachelewesha kupona. Dawa ya kutuliza huyanyamazisha tu, haiondoi kilichoyaleta. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa mfululizo bila ushauri zaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Tunaloliogopa zaidi ni hili: mtu anayedhani figo zake ni wagonjwa, kumbe ni nzima, humeza vidonge kila siku mpaka akazidhuru kweli.

Usinunue dawa isiyo na lebo, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho ya matumizi, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni mitishamba mitupu. Katika nchi mbalimbali, baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na dawa kali za viwandani. Kuhusu mikanda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haukuipendekeza kwa maumivu sugu ya kiuno. Na godoro gumu kama ubao si lazima liwe tiba. Lenye ugumu wa wastani huwafaa wengi.

Usisubiri

Nenda kituo cha afya mara moja iwapo miguu inaishiwa nguvu, sehemu za siri zinakufa ganzi, au unashindwa kuzuia au kutoa haja. Nenda pia bila kuchelewa iwapo maumivu yalianza baada ya kuanguka, au yanaambatana na homa, kutoka jasho usiku au kukonda. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Dalili hizi hazitibiwi dukani. Ukienda, chukua dawa zote ulizokwisha kutumia, hata ile chupa isiyo na lebo, umwoneshe mganga bila kumficha kitu.