Diski Mpya, Feni Inavuma: Funga Pochi Kwanza

Mdogo wangu wa Ujiji, ujumbe wako nimeusoma, na najua hauko peke yako. Umenunua HP ya mtumba, ilikuwa ikiwaka polepole mpaka unamaliza chai, fundi wa Mwanga akakutolea diski ya zamani akakuwekea SSD. Sasa inawaka upesi, lakini feni inavuma tangu unapobonyeza kitufe hadi unapozima. Na fundi yuleyule anakwambia SSD ndiyo inayochemsha, ulipie feni mpya. Funga pochi kwanza, tuongee.

Ndani ya SSD hakuna kinachozunguka. Diski yako ya zamani ilikuwa na sahani zinazozunguka kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na ilikuwa na joto lake na mvumo wake. Wengine feni zao zilikuwa zikivuma siku zote, ila kelele ya diski ilikuwa inazifunika. Zile SSD nyembamba za NVMe zinazochomekwa kwenye ubao mkuu huweza kupata moto zikinakili mafaili makubwa. Lakini hii yako bapa, iliyokaa palepale ilipokuwa diski ya zamani? Mtafute mshtakiwa mwingine.

Fundi wa injini za boti pale Kibirizi hashiki spana kabla hajasikiliza mngurumo. Nawe tega sikio. Ukisikia upepo tu, unapanda na kushuka, basi feni ni nzima na inahangaika na joto. Ukisikia mkwaruzo, tk-tk-tk, au mtetemo unaokoma ukiinua upande mmoja wa mashine, hapo ushuku kwanza mkono wa fundi: waya umeachwa karibu na mapanga ya feni, skrubu imesahaulika, au mfuniko wa chini haujabana. Hiyo izime, umrudishie, na asikudai hata senti. Kazi yake hajaimaliza.

Wewe umesema ni upepo. Haya, washa mashine, usifungue chochote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya programu zinazofanya kazi. Bonyeza juu ya safu ya CPU ili zinazokula prosesa zaidi zije juu. Windows ikiwa ndiyo kwanza imewekwa upya, utakuta inapakua masasisho, inapanga orodha ya mafaili yako, huku kinga ya virusi inakagua diski nzima. Prosesa inachoka, joto linapanda, feni inaitika. Kwa mwenye intaneti ya uhakika hayo huisha upesi. Sisi tunaochomoa bando la simu kila baada ya nusu saa tunayaburuza siku kadhaa. Nunua bando la kutosha, chomeka chaji, iache imalize usiku mmoja ikiwa juu ya meza.

Muulize pia fundi amekuwekea Windows ipi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo mafundi wanasukuma Windows 11 hata kwenye mashine ambazo hazitimizi masharti yake. Ukiwa na RAM ya GB 4 tu, Windows 11 itaielemea mashine, na hapo feni haina makosa.

Kama prosesa imetulia na bado upepo unavuma, chomoa chaji. Ikinyamaza, huenda nimekupata. HP nyingi za ofisini zina kipengele kwenye BIOS kinachoamuru feni izunguke muda wote mashine ikiwa kwenye umeme, na mipangilio ikirudishwa ya kiwandani huweza kujiwasha. Zima, washa, gongagonga F10 mpaka BIOS ifunguke, kitafute kipengele hicho ukizime. Hakuna cha kununua.

Kuna atakayekusimulia kwamba kubadili diski huichanganya feni. Si uongo, ila ni habari ya iMac za 2009 hadi 2011, zile kompyuta za mezani za Apple. Zilikuwa zinapata kipimo cha joto kutoka kwenye diski yenyewe. Ukiweka ya aina nyingine, kipimo kinapotea na feni inakimbia mwendo wa mwisho. HP yako haimo kwenye kesi hiyo.

Sasa vumbi, na hapa ndipo ningeweka hela yangu. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi la kwetu unalijua, jekundu, linaingia mpaka kwenye kabati lililofungwa. Ongeza masizi ya jiko la mkaa hapo barazani unapokaa kusoma. Feni huyavuta yote. Mwambie fundi aifungue mbele yako, achomoe betri, aangalie kati ya feni na vile vibati vyembamba vya shaba: mara nyingi kuna utando wa kijivu umeziba kabisa, hewa haipiti. Akipuliza kwa blowa, azuie mapanga kwa kijiti yasizunguke ovyo. Na ile pesti iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba, kama imekauka inabanduka vipande, aifute apake mpya. Kwa kazi hiyo mlipe, tena kwa moyo mweupe.

Programu za kulazimisha feni ipunguze mwendo usiziguse. Utanyamazisha kelele uichemshe prosesa. Na acha kuiweka mashine kitandani juu ya kitenge, matundu yake ya hewa yako chini. Sinia linatosha.

Halafu hukuniambia: diski ya zamani iko wapi? Mafaili yako, picha na vyeti ulivyoskani vimo humo bado, na ni mali yako. Kaichukue kwa fundi, inunulie kasha la USB, uifanye akiba.