Ukali wa Pilipili Unakaa Wapi

Pilipili mbuzi iliyolala mezani ina joto lile lile la meza. Ichome kipimajoto, kitasoma nyuzi 30 au zaidi kidogo, kama hewa ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, ilivyo mchana wa Februari. Hakuna moto ndani yake. Lakini itafune: ulimi unawaka, machozi yanalenga, jasho linachuruzika kisogoni. Mwili umeamini kwamba unaungua, kipimajoto kinakataa. Kipimajoto ndicho kinachosema kweli, na ukishaelewa mwili unadanganywaje, kupika sosi ya pilipili kunaacha kuwa kazi ya kubahatisha.

Nalisema hili kwa sababu nyumba nyingi za huku kwetu, Pugu hadi Ukonga, zimeanza kupenda chakula cha namna ya Mexico: chapati inalazwa, inawekwa maharage, nyama ya kusaga na vipande vya parachichi, inaviringishwa, inaliwa kwa mkono. Waganda walishatangulia na rolex yao ya chapati na mayai. Kinachokosekana ni sosi, na wengi hudhani lazima ifuatwe kwenye supamaketi za Masaki, ndani ya chupa. Hapana. Mahindi, maharage, nyanya, parachichi na pilipili ni mazao ya Amerika, na Mexico ni miongoni mwa sehemu yalikolimwa tangu zamani sana. Njia ya mazao hayo kufika pwani hii ilifunguka baada ya meli za Vasco da Gama kupita hapa mwaka 1498. Ndimu, kitunguu, saumu na kotimiri vikaenda upande wa pili, vikavuka bahari hadi Mexico. Kila kinachotakiwa kwenye sosi ya Mexico kinauzwa kwa mafungu sokoni.

Tuanze na pilipili yenyewe. Ipasue pilipili mbuzi kwa urefu, toka kikonyo hadi ncha, uifungue. Utaona ukuta wa nje, mwekundu au wa njano, unaong'aa. Utaona mbegu. Na katikati, kuanzia kwenye kikonyo, utaona utando mweupe laini ambao mbegu zimejishikiza kwake. Ukiutazama utando huo karibu na dirisha, mara nyingine unaona vitone vidogo vya njano vimeuganda. Humo ndimo kemikali ya ukali, kapsaisini, inamotengenezwa. Watu wanazilaumu mbegu, lakini mbegu hazitengenezi ukali wowote. Zinapakwa tu na utando zinaokaa nao. Kwa hiyo anayetoa mbegu akaacha utando amejichosha bure, na anayekwangua utando kwa ncha ya kisu amepunguza sehemu kubwa ya ukali huku ile harufu tamu ya pilipili mbuzi ikibaki karibu yote kwenye ukuta.

Sasa molekuli yenyewe. Kapsaisini ina kichwa na mkia. Kichwa ni duara la atomi za kaboni, mkia ni mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni unaofanana sana na minyororo iliyomo kwenye mafuta ya kula. Maji hayapatani na mkia wa namna hiyo. Molekuli za maji zinavutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu, na kitu chenye mkia wa mafuta kinasukumwa pembeni. Hiyo ndiyo sababu ya mambo mengi ambayo mpishi anayaona bila kujua chanzo chake. Ukinawa kwa maji matupu baada ya kukata pilipili, dakika 20 baadaye unajishika jicho na unajuta. Paka mafuta ya kupikia kidogo mikononi kwanza, sugua hadi chini ya kucha, halafu sabuni, halafu maji. Mafuta yanaichukua kapsaisini, sabuni inayachukua mafuta, maji yanaondoka na sabuni.

Molekuli hiyo ikifika kwenye ulimi inafanya nini? Ndani ya kuta za neva zetu za maumivu kuna protini iliyopewa jina TRPV1. Ni mlango mdogo. Kwa kawaida umefungwa, na hufunguka joto likizidi takribani nyuzi 43, yaani pale ambapo kitu kinaanza kweli kuunguza. Ukifunguka, chembe za kalsiamu na sodiamu zenye chaji zinaingia ndani ya neva, na neva inatuma habari kwenye ubongo: kuna moto. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, huko San Francisco, waliutambua mlango huo kwa kutumia kapsaisini yenyewe, na mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mguso.

Kapsaisini hujishikiza kwenye mlango huu na kukishusha kiwango chake cha kufunguka. Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Kinywa chako kwa kawaida kina nyuzi kama 37. Ni joto ambalo hulihisi kabisa, kwa kuwa liko chini ya 43. Kapsaisini ikishakaa, nyuzi 37 zile zile zinatosha kuufungua mlango. Unachosikia kikiwaka ni joto la mwili wako mwenyewe, likisomwa vibaya. Ndiyo maana sosi ile ile inauma zaidi juu ya chapati inayotoka jikoni kuliko juu ya chapati iliyopoa. Ndiyo maana maji ya baridi yanatuliza yakiwa bado mdomoni, na ukiyameza tu ukali unarudi: yalipoza mlango, hayakuiondoa kapsaisini. Maziwa na mtindi vinafanya kazi tofauti. Kwa muda mrefu tuliambiwa siri ni malai, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State walipolinganisha vinywaji mwaka 2019, maziwa yaliyotolewa malai yalituliza ukali karibu sawa na yenye malai. Inaelekea protini ya maziwa, hasa kasini, ndiyo inayoishika kapsaisini na kuondoka nayo. Mwenye mgeni asiyezoea pilipili amwekee mtindi mezani, si soda.

Kuhusu kiasi. Mwaka 1912 mfamasia Wilbur Scoville wa Marekani alibuni kipimo chake: aliuzimua mchanganyiko wa pilipili kwa maji ya sukari hadi waonjaji wasisikie tena ukali, akahesabu umezimuliwa mara ngapi. Leo mashine ndizo zinazopima, ila jina limebaki. Pilipili hoho ni sifuri. Jalapeño inayotajwa sana kwenye mapishi ya Mexico iko kati ya 2,500 na 8,000. Pilipili kichaa ni kama 50,000 hadi 100,000. Pilipili mbuzi ni ndugu wa habanero, na jamii hiyo inaanzia 100,000 na kufika 350,000. Basi mapishi yakikuambia jalapeño 3, usiweke pilipili mbuzi 3. Robo ya moja inatosha, ingawa jalapeño ni nene na nzito. Na kwa kuwa pilipili hazifanani hata zikitoka mti mmoja, kata kipande kidogo sana cha ukuta, onja, ndipo uamue.

Pilipili iliyoeleweka inahitaji wenzake. Chukua nyanya 4 za wastani zilizoiva, zile zenye nyama nene, si zile zinazotoa maji tu ukizipasua. Kitunguu maji kimoja, kikate vipande vinne. Punje 3 za saumu na ganda lake. Pilipili mbuzi yako. Weka vyote kwenye kikaango cha chapati kilichopata moto vizuri, bila mafuta, uvigeuze hadi maganda ya nyanya yaungue madoa meusi. Wamexico hutumia bamba la kuchomea mikate yao ya mahindi, na kikaango chetu kinafanya kazi ile ile.

Kwa nini tuchome badala ya kuchemsha? Kitu chenye maji hakivuki nyuzi 100 kirahisi, kwa sababu joto lote unaloongeza linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Nyanya ikichemka kwenye sufuria itaishia hapo hapo. Kwenye chuma kikavu, ngozi ya nyanya inakauka, na sehemu iliyokauka inapanda hadi nyuzi 140 na zaidi. Hapo sukari na amino asidi zinaanza kuungana na kuzaa mamia ya molekuli mpya zenye rangi ya kahawia na harufu ya kuchoma. Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza muungano huo mwaka 1912, mwaka ule ule wa Scoville. Harufu ya mahindi ya kuchoma kituoni jioni inatoka kwenye kemia hiyo hiyo.

Moto unabadilisha pia kitunguu na saumu, kwa njia nyingine. Kitunguu kizima hakinuki sana. Ukali wake hauko tayari ndani yake. Unatengenezwa kisu kinapovunja seli, kimeng'enya kilichokuwa chumba kimoja kikakutana na kemikali ya salfa iliyokuwa chumba kingine. Saumu ni vivyo hivyo: alisini, ile inayouma puani, huzaliwa wakati wa kuponda. Kimeng'enya ni protini, na joto huharibu protini. Ukiichoma saumu nzima na ganda lake ndipo uiponde, umeua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na unapata saumu laini, tamu. Ukitaka ile ya kuchoma pua, iponde mbichi, iache dakika chache, kisha uchanganye. Ukiiponda moja kwa moja ndani ya maji ya ndimu, asidi nayo hukizuia kimeng'enya, hivyo itakuwa pole. Mimi nachoma punje mbili na kuponda moja mbichi.

Ponda kwenye kinu: chumvi, saumu na pilipili kwanza hadi zilainike, kwa sababu punje za chumvi zinasaidia kusaga na kuvuta maji kutoka kwenye seli. Kisha kitunguu, mwisho nyanya. Chumvi ni kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kwa karibu nusu kilo ya sosi. Blenda inaruhusiwa kama una haraka, ila ibonyeze kwa vituo vifupi. Ukiiachia ikazunguka, inaingiza hewa, sosi inageuka ya pinki yenye povu, na kitunguu kinasagika hadi kuleta uchungu.

Sasa uamuzi wa mafuta, na hapa ukali unaupanga wewe. Pilipili iliyopondwa ikaingia kwenye nyanya na ndimu bila mafuta inapiga haraka: kwenye maji, kapsaisini haina pa kujificha, ikiguswa na ulimi inahamia huko mara moja. Ukiikaanga pilipili hiyo kwanza kwa kijiko cha mafuta, kwa moto mdogo, kapsaisini inatoka kwenye vipande na kuenea ndani ya mafuta, na mafuta yanasambaa sosi nzima. Kila tonge litakuwa na ukali unaolingana, unaokuja taratibu, maana mafuta yanaibeba na pia yanaishikilia. Kwa mishikaki napenda ya kwanza. Kwa maharage, ya pili. Fungua madirisha unapokaanga: vitone vidogo vya mafuta na mvuke huibeba kapsaisini hewani, na nyumba nzima itakohoa.

Kamua ndimu moja mwishoni, katia kotimiri. Ndimu inafanya kazi mbili. Mdomoni, asidi inauamsha ule mlango wa TRPV1, kwa hiyo inaongeza makali bila kuongeza pilipili. Ndani ya chombo, inazuia vijidudu. Kipimo cha pH kinaenda kwa mara kumi: pH 3 ina asidi mara kumi ya pH 4. Nyanya huchezea 4.2 hadi 4.6 na zaidi zikiiva sana, ndimu iko chini ya 3. Mpaka wa kukumbuka ni 4.6. Chini yake, bakteria wa botulinamu, ambao mbegu zao hukaa kwenye udongo na kwa hiyo kwenye saumu, hawawezi kukua na kutoa sumu. Saumu mbichi iliyozamishwa kwenye mafuta matupu na kuachwa kabatini haina asidi wala hewa, na ndicho kitu cha hatari kuliko vyote katika somo hili. Usikifanye.

Bakteria wa kawaida wa tumbo, wakipata joto na chakula kinachowafaa, wanaweza kugawanyika kila dakika 20. Mmoja anakuwa 8 kwa saa, na baada ya saa 6 ni 262,144. Dar es Salaam haihitaji kuwatafutia joto. Asidi, chumvi na friji vinawachelewesha, kila kimoja kwa sehemu yake, na umeme ukikatika usiku kucha kimoja kimeondoka. Kwa hiyo tengeneza kidogo. Osha kotimiri na pilipili kwa maji yaliyochemshwa, maana kotimiri huingia mbichi. Chupa ya kioo yenye mfuniko, iliyomwagiwa maji ya moto na kukaushwa, itahifadhi sosi hii kwenye friji siku 5. Chota kwa kijiko kikavu, na kijiko kilichokwisha kugusa sahani ya mtu kisirudi ndani ya chupa.